Bado naimba kwaya, lakini siwezi tena kusali. Je, nimepotea?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 29, nimezaliwa na kukulia Moshi Vijijini. Baba ni mzee wa kanisa, na mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana tangu nilipopata kipaimara. Miaka mitatu iliyopita mume wa shangazi yangu alifariki, na ndugu za marehemu wakamtoa shangazi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Wawili kati yao ni viongozi kanisani. Shangazi alikwenda kulalamika usharikani, akaambiwa aombe na awe na subira. Baada ya hapo nilijiunga na kikundi cha wasaidizi wa kisheria kinachosaidia wajane, na Jumamosi zangu zote ziko huko. Mwaka jana nikaanza kusoma vitabu na kutazama video za watu wanaohoji dini, na hivyo vitabu ndivyo vilivyoniharibia imani. Sasa nikifumba macho kusali naona kama naongea na ukuta. Lakini nikiimba bado nasisimka mpaka machozi, na kwenye kile kikundi nasikia moto ule ule wa siku ya kipaimara. Rafiki yangu anasema nimebadilisha mungu tu. Naogopa kwamba akili yangu ina kasoro, au kwamba polepole nitakuwa mtu asiye na maadili. Mchumba wangu hajui lolote, na tunafunga ndoa kanisani Desemba. Mama akijua atalia mpaka augue. Usiku silali vizuri. Je, ninyamaze, niseme, au niache kanisa? Na kuimba kwangu ni unafiki?"

Marahaba, Mwalimu.

Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na chini yake nasikia hofu mbili. Unaogopa kwamba kuna kitu kimekufa ndani yako, na unaogopa kwamba kila Jumapili unasimama mbele ya watu ukiwadanganya. Nitaanza na ile ya kwanza. Nikuambie mapema pia kwamba sitakuamulia kama Mungu yupo au hayupo. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi watu wanavyoamini na jinsi wanavyoacha kuamini, na vipimo tulivyonavyo haviwezi kufika zaidi ya hapo.

Tuanze na akili yako, unayoituhumu bure. Watu wengi wamesikia kwamba ubongo una mahali maalumu pa Mungu, na kwamba kwa asiyeamini mahali hapo pamezimika. Mahali hapo hapajapatikana. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapima Wakristo ubongo wakiwa katikati ya sala, na wakaona kwamba mtu anaposali kwa maneno yake mwenyewe huamka sehemu zile zile zinazofanya kazi anapozungumza na mwenzake. Kwa ubongo, basi, sala ni mazungumzo kama mazungumzo mengine. Uwezo wa kuzungumza unao tele, la sivyo usingefundisha wala kuwasikiliza wajane siku nzima. Ila mazungumzo yana tabia moja unayoijua hata nyumbani: ukishaumizwa na watu wa nyumba fulani, inakuwa vigumu kubisha hodi pale, hata kama mwenye nyumba mwenyewe hajakukosea.

Wala si kweli kwamba anayeona ukuta tayari ameshatoka katika imani. Al-Ghazali, mwanachuoni ambaye jina lake linajulikana katika kila madrasa ya pwani yetu, alieleza mwenyewe kwamba alipitia karibu miezi miwili ya kutoamini chochote, hata yale aliyoyaona kwa macho yake. Baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri kuliko wote Baghdad, ulimi ulimfunga darasani asiweze kutoa somo, akaacha cheo na mji akaondoka. Alirudi kwenye imani, tena kwa kina zaidi. Mama Teresa wa Calcutta ana kisa kingine. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu nusu karne alikuwa akisali gizani bila kuhisi chochote, na hakuacha kusali wala kuwahudumia maskini. Wapo pia wengi, wasioandikwa popote, waliofika kwenye ukuta huo, wakageuka, na wakaishi maisha mema bila dini. Njia hizo zote zipo, na yako sijui itaelekea wapi. Ninachokuomba ni usiifunge kwa sababu ya woga wa mwaka mmoja.

Sasa niruhusu nikupinge kidogo. Umeandika kwamba vitabu ndivyo vilivyokuharibia imani. Rudia barua yako uangalie mpangilio wake: kwanza shangazi ametolewa kwenye kihamba, kisha usharika umemwambia awe na subira, kisha wewe umeanza kazi ya wajane. Vitabu na video vimekuja mwaka jana tu, karibu miaka miwili baada ya hayo.

Mpangilio huo una maana kubwa. Mwaka 2009 Joseph Henrich, msomi wa Marekani anayechunguza jinsi binadamu wanavyorithishana utamaduni, alitoa hoja ambayo kwangu inaeleza mambo mengi. Mtoto haamini kitu kwa sababu ameambiwa tu. Huwatazama wanaomwambia kama wanalipa gharama ya maneno yao. Wewe ulimwona baba akitoa bahasha ya ahadi mwezi ambao mshahara umechelewa, ukamwona mama akitembea kwenye matope ya masika kwenda kukesha msibani kwa mtu ambaye si ndugu. Ulinunua mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada kwa bei ambayo sokoni wangekucheka. Matendo ya namna hiyo ndiyo yaliyokufundisha kuamini, mahubiri yakafuata nyuma. Utafiti uliofanywa baadaye Marekani uliona hivyo hivyo: waliokulia mbele ya watu wazima waliotenda walichohubiri walikuwa na imani yenye nguvu zaidi ukubwani kuliko waliosikia maneno tu.

Kisha siku moja ukawaona watu wa benchi la mbele wakimtoa mjane kwenye shamba lake, na wengine wakiinamisha vichwa. Kwa mtu aliyelelewa na matendo, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko kitabu chochote. Vitabu vilipokuja vilikuta mlango ulishavunjwa.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana hoja hii inaweza kutumiwa vibaya. Mchungaji anaweza kukuambia, "Kumbe ni hasira tu, samehe na imani itarudi." Rafiki yako asiye na dini anaweza kukuambia, "Kumbe hata imani yako ya zamani ilikuwa malezi tu." Wote wawili watakuwa wameruka hatua. Chanzo cha mtu kuamini au kutilia shaka hakituambii kama anachokiamini ni kweli. Maswali yako juu ya Mungu yanastahili kupimwa kwa uzito wake yenyewe, kwa utulivu, na uyapime kando ya kidonda cha shangazi. Vikichanganyika utajibu swali la mbinguni kwa uchungu wa kihamba.

Unauliza kama kuimba ni unafiki. Tumezoea kusema "imani" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati ndani yake kuna kusadiki, kuhisi, kutenda, na kuwa mtu wa watu fulani. Kiswahili chenyewe kinajua tofauti hii, ndiyo maana mitaani husemwa fulani ana dini lakini hamchi Mungu. Vitabu vitakatifu vinaijua pia. Katika Sura ya Hujurat, Qurani 49:14, mabedui wanaosema wameamini wanaambiwa waseme wamesilimu, kwa kuwa imani bado haijaingia mioyoni mwao, na papo hapo wanaahidiwa kwamba wakimtii Mungu na Mtume wake, matendo yao hayatapunguzwa thawabu. Na yule baba katika Injili ya Marko alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Kwako wewe kusadiki kumelegea. Kuhisi kupo, kutenda kupo, na watu wako bado ni watu wako.

Machozi ya kwaya ni ya kweli kabisa. Mfaransa Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, aliandika mwaka 1912 kwamba watu wakikusanyika, wakafanya jambo moja kwa mdundo mmoja, huzuka nguvu ambayo hakuna mmoja wao angeweza kuizalisha peke yake, na kwamba dini huchota sana kutoka humo. Karne moja baadaye, mwaka 2013, watafiti wa Sweden waliwapima wanakwaya wakiimba na kukuta mapigo ya mioyo yao yakipanda na kushuka pamoja, kwa sababu wimbo unawafanya wavute pumzi pamoja. Ukisimama katikati ya sauti nne, mwili wako unaungana na miili mingine thelathini, na hausubiri uamuzi wako kuhusu theolojia. Unafiki ni kujionyesha ulivyo sivyo ili upate faida. Kuimba wimbo unaoupenda pamoja na watu unaowapenda, huku ukiwa na swali moyoni, sikuiti hivyo. Ila ukiombwa kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyokutendea wiki hii, hapo kataa kwa upole, maana hapo ungesema neno usilolisadiki.

Rafiki yako anayesema umebadilisha mungu tu amegusa jambo, lakini amelirahisisha mno. Ni kweli kwamba kazi isiyo ya kidini inaweza kuwa na mwili kama wa dini. Mwaka 1967 msomi wa Marekani Robert Bellah aliandika kuhusu "dini ya uraia", yaani zile sherehe, viapo na mashujaa wanaoliunganisha taifa. Mwaka huo huo, tarehe 5 Februari, sisi tulipata Azimio la Arusha. Waulize wazee wako kuhusu ahadi za mwana-TANU. "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja." "Rushwa ni adui wa haki. Sitapokea wala kutoa rushwa." Watu walizikariri kama waumini wanavyokiri imani kanisani, na wapo walioishi kwa maneno hayo mpaka kufa. Mwenge uliwekwa juu ya mlima ule ule unaouona ukifungua mlango asubuhi. Hiyo yote ilikuwa ibada ya aina fulani, na Mungu hakuhitajika kutajwa ili ifanye kazi.

Lakini Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeliongoza Azimio lile, alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku. Mwaka 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini na unyonge, litakuwa halina maana kwa binadamu. Kwake mapambano na sala vilikuwa chungu kimoja. Wengine katika safu zile zile za ujamaa hawakuwa na dini yoyote, na walibeba mzigo ule ule. Kwa hiyo moto unaousikia Jumamosi hauthibitishi kwamba umepata mungu mpya, wala kwamba umemwacha wa zamani. Umepata jambo unalolilipia gharama, na watu unaolipa nao.

Nikupe na upande mgumu, kwa kuwa nimewaona wanaharakati wengi wakiungua. Kikundi cha haki kina kesi, na kesi hushindwa. Dini imejipanga kwa karne nyingi kumbeba mtu siku ya kushindwa: ina toba kwa aliyekosa, ina pumziko la lazima kila wiki, na ina maneno ya kusema mbele ya kaburi. Kikundi chenu bado hakijatengeneza hayo. Ukiyatupa yote kabla hujajua utayapata wapi kwingine, utachoka ndani ya miaka michache, na uchovu huo utauita ukweli. Iwe unabaki kanisani au unatoka, jipatie siku ya mapumziko na watu wa kulia nao.

Hofu yako ya kukosa maadili naipita haraka, kwa kuwa barua yako imeshaijibu. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwajaribu wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba, na wengine walipewa mfano wa Msamaria Mwema kuwa mada yao. Njiani aliwekwa mtu ameinama, anakohoa na kugumia. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia; kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Dini inaweza kumfundisha mtu wema, nami nimeona ikifanya hivyo, lakini wema hutegemea pia mambo ya kawaida sana kama kuwa na nafasi ya kusimama. Wewe umezitoa Jumamosi zako.

Hata hivyo usijidanganye kuhusu macho ya watu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha zaidi ya watu 3,000 katika nchi 13, ulionyesha kwamba watu huwashuku wasioamini kuwa wepesi wa kutenda maovu makubwa, na shuku hiyo ilionekana hata miongoni mwa wasioamini wenyewe. Kenya, ambako sensa huuliza dini, watu 755,750 walijibu mwaka 2019 kwamba hawana dini, kama asilimia 1.6. Kwetu sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo hatuna hesabu. Katiba inalinda uhuru wako wa kuamini na wa kubadilisha imani, lakini Katiba haiji kukaa nawe msibani. Kijijini kwenu usharika na jumuiya ndio wanaopika, wanaochimba kaburi na wanaomshika mkono mama. Utafiti wa Chaeyoon Lim na Robert Putnam wa mwaka 2010 ulikuta kwamba sehemu kubwa ya furaha ya washika dini Marekani inatokana na marafiki wanaowapata kwenye ibada. Kuondoka kunagharimu, na anayekuambia ni jambo dogo hajawahi kuzika kijijini.

Basi, kunyamaza, kusema au kuondoka? Helen Rose Ebaugh, mwanasosholojia aliyewahi kuwa mtawa kabla ya kuvua shela, aliwahoji watu 185 walioacha nafasi kubwa maishani: watawa, madaktari, wanandoa, na wengineo. Kitabu chake cha mwaka 1988 kinaeleza kwamba huanza shaka, kisha mtu huchungulia maisha mengine, kisha hutokea jambo linalomfanya aamue, na mwisho hujifunza kuishi kama mtu aliyewahi kuwa kitu fulani. Wewe upo kwenye kuchungulia. Watu wa hatua hii hawadaiwi tangazo. Hulazimiki kusimama sebuleni kumwambia mama "siamini" wakati wewe mwenyewe bado hujui kama neno hilo ndilo lako. Ukimwambia "mama, siku hizi kusali kunaniwia vigumu tangu yale ya shangazi," utakuwa umesema kweli kamili ya leo, na utakuwa umempa nafasi ya kukusikia. Huenda ukashangaa. Wamama wa kanisa wamebeba mengi ambayo hawajawahi kuyasema.

Mchumba wako ni suala jingine, na hapa sina mashaka: mwambie kabla ndoa haijaanza kutangazwa kanisani. Anayo haki ya kujua anaoa nani, na mtakuwa na maswali yasiyosubiri, kama watoto watabatizwa, nani atawafundisha kusali, na kama atakuwa peke yake Jumapili. Mwambie mkiwa wawili tu, mchana, bila haraka, na usimtake ajibu siku hiyo. Akikubali, bado mnaweza kufunga ndoa kanisani ikiwa wewe unaona unaweza kutamka viapo vile kwa dhamiri safi. Ukiona huwezi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali baada ya notisi ya siku 21, na ni ndoa kamili. Familia itanung'unika. Lakini nimewasikiliza wanandoa ambao siri ya namna hii ilifichuka mwaka wa tano, na kilichowaumiza zaidi ni ile miaka mitano ya ukimya.

Sasa usingizi. Mwili wako usiufanyie mzaha. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, unakosa usingizi, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda hayakuvuti tena, au unajiona huna thamani, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Mwenye sonona huona ukuta kila upande, si kwenye sala peke yake, kwa hiyo ni vizuri hilo lipimwe kabla hujafanya uamuzi mkubwa. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Wazo la kujidhuru likikujia, nenda siku hiyo hiyo, na umchukue mtu wa kukusindikiza. Na mtu akisema una mapepo na akataka ufunge siku nyingi bila kula, au akufungie ndani ili uombewe, kataa na uondoke.

Kuzungumza na mchungaji ni jambo jema ikiwa unamjua anayeweza kusikiliza nusu saa kabla ya kufungua mdomo. Si lazima awe wa usharika wenu. Mpelekee maswali mawili yakiwa yametengana: "Kwa nini nikisali naona ukuta?" na "Kwa nini mliniachia shangazi peke yake?" Namna atakavyolijibu lile la pili itakuonyesha kama unaweza kumwamini na lile la kwanza.

Jumapili hii, kama kwaya inaimba, nenda ukaimbe. Na ukiniandikia tena, nieleze shangazi amefikia wapi na kile kihamba.